Jinsi ya kuendesha mafunzo ya kuandika na kusoma nyaraka hapo kazini kwako

Maswali ni yaleyale kila mara. Afisa utumishi ameagizwa "kuboresha uandishi wa watumishi" na anauliza aanzie wapi. Msimamizi wa ghala amechoka kurudisha ripoti mara tatu. Mkuu wa idara anataka kujua kama alete mkufunzi wa nje au kitini kinatosha. Mwongozo huu ni wako wewe unayeijua kazi ya ofisi yako, unayeandika vizuri kiasi, na ambaye sasa umeambiwa uwafundishe wenzako.

Tumeandika tukifikiria ofisi za Tanzania ambazo kazi yao kubwa inakwenda kwa Kiswahili: halmashauri, chama cha ushirika, kiwanda, kituo cha afya, kampuni ya usafirishaji. Kama uko Kenya au Uganda, ambako barua nyingi za ofisi ni za Kiingereza, hatua ni hizihizi. Kitakachobadilika ni lugha ya nyaraka utakazofundishia.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana kila hatua hapa chini inalirudia: waraka wa ofisi umefaa kama aliyeusoma anajua nani afanye nini, na lini. Sarufi, muhuri na mpangilio vinakuja nyuma ya hilo.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kikundi cha watu 8 hadi 12. Wakizidi 12 hutaweza kusoma kazi za wote na kuzirudisha kabla ya kipindi kinachofuata. Wakiwa 20, gawa makundi mawili.
- Vipindi 12 vya dakika 75, viwili kwa wiki, kwa wiki 6. Muda mzuri ni saa 2:00 hadi 3:15 asubuhi, kabla foleni ya wateja haijaanza. Semina ya siku mbili mfululizo haifai kwa kazi hii. Mtu anajua kuandika kwa kuandika, kurudishiwa karatasi, kisha kuandika tena baada ya siku chache.
- Nyaraka 25 hadi 30 za ofisi yenu wenyewe: barua, madokezo, mihtasari ya vikao, ripoti za mwezi, barua pepe, kurasa za leja ya ghala, nyaraka za maelekezo kutoka juu.
- Bango kitita (karatasi kubwa za kuandikia mbele ya darasa), maka peni za rangi mbili, rimu moja ya karatasi, na mahali pa kutoa kopi. Projekta si lazima. Kwa kweli karatasi mkononi inafundisha vizuri zaidi, kwa sababu mtu anaweza kupigia mstari.
- Kamusi moja ya Kiswahili sanifu, ikae mezani kila kipindi.
- Kibali cha maandishi cha mkuu wa taasisi, kinachotaja mambo mawili: ruhusa ya kutumia nyaraka hizo, na saa za mafunzo kuwa saa za kazi. Bila hilo la pili, wiki ya tatu watu wanaanza kuitwa nje mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Kusanya nyaraka na uzifiche majina

Nenda masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, ukiwa na orodha ya nyaraka unazotaka. Usichukue mbaya tupu; chukua na nzuri tano au sita, watu waone kwamba barua inayoeleweka inaandikwa hapohapo ofisini na watu wanaowafahamu.

Majalada ya siri, majalada binafsi ya watumishi na mafaili ya wagonjwa hayaguswi kabisa, hata kwa kuficha majina. Kwenye nyaraka nyingine, futa majina, namba za simu, namba za akaunti na sahihi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na darasa halikuondolei wajibu wake.

Angalia kosa linalojirudia hapa. Ukipaka maka peni nyeusi juu ya jina, kisha ukaiinua karatasi kwenye mwanga, jina linasomeka. Paka kwenye kopi, kisha toa kopi ya kopi hiyo, na hiyo ya pili ndiyo ugawe. Kwenye kompyuta, kuweka rangi nyeusi juu ya maandishi hakuyafuti, futa jina lenyewe na uandike "Bw. A" au "Bi. B".

Hatua ya 2: Wapime kabla hujawafundisha

Fanya hivi wiki moja kabla ya kipindi cha kwanza, kwa dakika 45. Dakika 20 ni za kusoma: wape waraka wa ukurasa mmoja na maswali manne. Dakika 25 ni za kuandika: wape hali moja ya kweli ya ofisini na uwaombe barua isiyozidi nusu ukurasa.

Alama ni 20. Kusoma ni 8, yaani 2 kwa kila swali. Kuandika ni 12, kwa mgawanyo huu:

- Ombi au taarifa kuu imo ndani ya sentensi mbili za mwanzo: 3
- Mhusika, kazi na tarehe vimetajwa: 3
- Takwimu na vipimo ni sahihi: 2
- Mpangilio wa barua umekamilika: 2
- Tahajia na upatanisho: 2

Tahajia ina alama 2 tu, na tumeiweka hivyo makusudi. Ukiipa 8, watu wote watajifunza kuogopa herufi, na barua zitabaki hazisemi kitu.

Usitangaze alama mbele ya watu. Mpe kila mmoja karatasi yake mkononi.

Hatua ya 3: Panga nani akae na nani

Usimweke mkuu wa kitengo darasa moja na watu anaowasainia fomu za likizo. Hawatauliza, na yeye hatakubali kukosolewa. Wakuu wapewe vipindi vyao viwili vya peke yao, hasa kuhusu namna ya kurudisha kazi: kuandika pembeni "sema kiasi na tarehe" badala ya kuandika upya barua nzima ya mtu.

Katika kupima unaweza kugundua kwamba mtu hasomi vizuri, au hasomi kabisa. Dalili zake zinafanana: amesahau miwani, anaomba aende nayo nyumbani, anamsubiri mwenzake amalize kwanza. Huyu ni mtu mzima aliyeibeba kazi yake miaka yote kwa kumbukumbu na akili. Zungumza naye faragha, kwa heshima ya umri wake, umweleze kwamba kuna njia: Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafanya kazi hiyo, na unaweza pia kumpa nusu saa yako mara tatu kwa wiki. Usimwingize kwenye darasa hili kwa lazima. Ataaibika na hatarudi.

Hatua ya 4: Anza na kusoma (vipindi 3)

Wengi wanataka kuruka hapa. Usiruke. Barua nyingi mbovu zimezaliwa na mtu aliyejibu jambo ambalo hakuulizwa.

Fundisha mpangilio huu wa kusoma waraka wowote wa kikazi:

1. Soma kichwa, aliyeandika, tarehe, na aya ya mwisho. Maagizo mengi yamejificha aya ya mwisho.
2. Rudi mwanzo. Pigia mstari kila kitenzi cha kuagiza: wasilisha, hakikisha, lipa, zuia, rejesha.
3. Zungushia duara kila tarehe, kiasi na namba.
4. Andika mistari mitatu kwa maneno yako mwenyewe: Nani? Nini? Lini?
5. Jiulize: tusipofanya, inakuwaje? Kama waraka umetaja adhabu au tarehe ya mwisho, iandike.

Kisha wape maneno yanayowakwaza watu. "Anaweza" na "atatakiwa" si kitu kimoja. La kwanza linatoa ruhusa, la pili linafunga. "Isipokuwa" inageuza kila kilichotangulia. "Bila kuathiri" maana yake kanuni ile nyingine bado inasimama. "Siku 14" inataka maswali mawili: ni siku za kazi au za kalenda, na zinaanza kuhesabiwa siku barua ilipoandikwa au ilipopokelewa? Hapo ndipo watu wanaelewa kwa nini masjala inagonga muhuri wa kupokea wenye tarehe. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria Tanzania, kwa hiyo tarajia maandishi ya namna hii kwenye meza za kawaida, si kwa mwanasheria peke yake.

Zoezi linalofanya kazi kuliko yote: wagawe wawili wawili. Mmoja anasoma waraka kwa dakika tano, anaufunika, anamweleza mwenzake ambaye hajauona. Yule wa pili anaandika mistari mitatu ya nani, nini, lini. Kisha wanafunua na kulinganisha. Kinachopotea njiani mara nyingi ni tarehe.

Kipindi cha tatu kiwe cha majedwali. Mtu anaweza kusoma aya bila shida na bado akakwama kwenye leja ya ghala. Mpe ukurasa wenye safu za kilichoingia, kilichotoka na salio, umuulize: siku gani salio lilikuwa chini kabisa? Nani alichukua mara ya mwisho? Kosa kubwa hapa ni kipimo. Safu imeandikwa "40", na mmoja anasoma katoni, mwingine anasoma chupa. Katoni 40 za chupa 24 ni chupa 960, na tofauti hiyo ndiyo inayokuja kuitwa wizi wakati wa ukaguzi.

Onyo: usiwazungushe kusoma kwa sauti mmoja baada ya mwingine kama darasa la pili. Mtu mzima anayesitasita mbele ya wenzake hatasikia chochote tena kipindi hicho.

Hatua ya 5: Barua rasmi (vipindi 3)

Mpangilio wanaujua au wataupata kwa dakika kumi: anuani ya mwandishi, Kumb. Na. (namba ya kumbukumbu), tarehe, anayeandikiwa, kichwa kinachoanza na YAH: (yahusu), mwili, sahihi, jina na cheo, nakala kwa nani. Usitumie kipindi kizima kwenye hilo. Kazi iko kwenye mwili wa barua.

Bandika ukutani barua kama hii:

> YAH: JENERETA
>
> Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Kwa heshima na taadhima napenda kuchukua fursa hii kukujulisha kwamba kumekuwepo na changamoto ya jenereta kwa muda mrefu sasa, jambo ambalo limekuwa likiathiri utendaji kazi kwa kiasi kikubwa, hivyo tunaomba suala hili lifanyiwe kazi mapema iwezekanavyo. Nakutakia kazi njema.

Usiseme ni mbaya. Waulize: wewe ndiwe bosi, barua imefika, utafanya nini? Watanyamaza, kisha mmoja atasema, "Nitampigia simu." Basi mwandishi amefanya kazi mara mbili. Waorodheshe maswali ya simu hiyo kwenye bango kitita: jenereta ipi, imeharibika nini, tangu lini, inatakiwa shilingi ngapi, ya nini, kabla ya siku gani. Maswali hayo ndiyo barua. Wayajibu, wayapange, itatoka hivi:

> YAH: OMBI LA SH. 480,000 ZA KUTENGENEZA JENERETA YA GHALA
>
> Naomba uidhinishe Sh. 480,000 za kununua na kufunga pampu mpya ya mafuta ya jenereta ya ghala. Naomba jibu kabla ya saa 10:00 jioni, Ijumaa, tarehe 16 Agosti 2024.
>
> Jenereta haijawaka tangu Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2024. Fundi aliikagua tarehe 7 Agosti na kukuta pampu imekwisha. Umeme ukikatika, chumba cha baridi hakina chanzo kingine cha umeme.
>
> Profoma ya fundi imeambatishwa. Ukiidhinisha, fundi ataifunga Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, nami nitasimamia.

Ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, na ni sawa. Watu wengi wakisikia "andika kwa kifupi" wanakata taarifa na kubakiza salamu. Wewe uwafundishe kinyume chake.

Sasa makosa manne ya kuwinda:

*Kitendo kisicho na mwenyewe.* "Litafanyiwa kazi." "Ufuatiliaji ufanyike." "Hatua zichukuliwe." Kiswahili kinaturahisishia sana kumficha mtenda kwa kauli ya kutendwa. Kila wanapoiona, waandike pembeni kwa wekundu: NANI? Kama jibu halipatikani, sentensi haiendi.

*Kitenzi kilichogeuzwa nomino.* "Tulifanya zoezi la uhesabuji wa mali" ni "Tulihesabu mali." "Katika suala zima la utunzaji wa mafaili" ni "Katika kutunza mafaili." Neno "zoezi" na maneno "suala zima la" yanaweza kufutwa mara tisa kati ya kumi bila hasara.

*Changamoto.* Lipige marufuku neno hili darasani kwa wiki zote sita. Si neno baya, ila limekuwa kapu la kila kitu. Likikatazwa, mtu analazimika kusema gari limepasuka gurudumu, au fedha hazijaingia, au watu wawili hawaelewani.

*Kiwakilishi chenye mashaka.* "Meneja alimweleza Afisa Ugavi kwamba barua yake imepotea." Barua ya nani? Rudia cheo: "barua ya Afisa Ugavi". Kurudia neno si aibu kwenye waraka wa kazi.

Na ile "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu"? Usipoteze nguvu kupigana nayo. Kama ofisi inaitaka, iache iwe mstari mmoja, na ombi lianze sentensi inayofuata. Vilevile adabu: "Naomba" inatosha kwa mkubwa. Wapo watakaoona kwamba kwenda moja kwa moja kwenye ombi ni kukosa heshima. Waambie mkubwa aliyepokea barua arobaini siku hiyo anaheshimiwa kwa kutopotezewa muda, kisha waache wabaki na salamu moja ya mwisho.

Kila kipindi cha barua kigawe hivi: dakika 15 kuchambua mfano, dakika 30 kuandika, dakika 20 kubadilishana na kuulizana nani-nini-lini, dakika 10 za kuandika upya aya ya kwanza. Wewe unachukua karatasi, unarudisha kipindi kijacho ukiwa umeweka alama kwenye makosa matatu tu. Karatasi iliyojaa wekundu haisomwi. Inakunjwa na kutiwa mfukoni.

Hatua ya 6: Saa, tarehe na fedha (kipindi 1)

Kipindi kimoja, lakini kinaokoa fedha kuliko vyote.

Saa. Tunahesabu kuanzia mapambazuko, simu na kompyuta zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Mtu anaandaa mwaliko wa kikao cha saa 3:00 asubuhi, anaweka 3:00 kwenye kalenda ya kompyuta, na mwaliko unaenda kwa wote ukisema saa tisa usiku. Kanuni: kila saa ibebe wakati wake (asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku), na kama waraka utaingia kwenye mfumo au kwenda kwa mgeni, ongeza saa ya mfumo: saa 3:00 asubuhi (09:00).

Usiku. "Usiku wa Ijumaa" kwa wengine ni Ijumaa baada ya jua kuzama. Kwa wengine, hasa wanaofuata hesabu ya zamani ya siku kuanza magharibi, ni usiku wa Alhamisi. Kwa zamu za walinzi na taarifa za matukio, andika hivi: usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024.

Tarehe. 07/08/2024 ni tarehe 7 Agosti kwetu, lakini mfumo uliowekwa kwa mtindo wa Kimarekani unaisoma 8 Julai. Andika mwezi kwa jina. Futa "hivi karibuni", "wiki hii" na "mwisho wa mwezi". Na "kabla ya Ijumaa": je, Ijumaa yenyewe imo? Andika "si zaidi ya saa 9:30 alasiri, Ijumaa, tarehe 16 Agosti 2024".

Fedha. "Elfu ishirini na tano" inaweza kusomwa 25,000 na inaweza kusomwa 20,005. Kwenye hundi na hati ya malipo andika "ishirini na tano elfu tu", pamoja na tarakimu. Usiandike "1.5m" kwenye waraka rasmi, andika Sh. 1,500,000. Kila jumla ijumlishwe upya na mtu wa pili.

Hatua ya 7: Dokezo na muhtasari wa kikao (vipindi 2)

Dokezo sabili ni karatasi ya ndani ya kumwomba mkubwa uamuzi. Aya zihesabiwe namba, ili aweze kujibu "aya ya 3, nakubali". Mfuatano wake: nini kimetokea, kwa nini kinahusu, njia zilizopo, unapendekeza ipi na kwa gharama gani. Malizia na "Naomba kuwasilisha" na acha nafasi ya kutosha chini kwa maoni yake. Kosa la kawaida ni kueleza tatizo ukurasa mzima na kuacha pendekezo. Anayepokea hana cha kuidhinisha, analirudisha.

Muhtasari wa kikao unawachosha watu kwa sababu wanajaribu kuandika kila kilichosemwa. Waambie wasiandike mazungumzo, waandike maamuzi. Mafungu yabaki yaleyale wanayoyajua: mahudhurio, kufungua, kuthibitisha ajenda, muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda za siku, mengineyo, kufunga. Ila kila ajenda iishie na mstari wa azimio wenye mhusika na tarehe. "Iliazimiwa kuwa usafi uimarishwe" si azimio. "Msimamizi wa Zamu B atanunua mapipa manne ya taka si zaidi ya tarehe 23 Agosti 2024" ni azimio.

Mwandishi wa kikao awe na jedwali tupu la safu nne mkononi: azimio, mhusika, tarehe, hali. Alijaze palepale, na kabla mwenyekiti hajafunga, alisome kwa sauti. Dakika tatu hizo zinazuia ugomvi wa kikao kinachofuata. Muhtasari utoke ndani ya siku 2 za kazi. Baada ya wiki kila mtu ana kumbukumbu yake.

Neno lenyewe "muhtasari" lina maana mbili. Ukimwagiza mtu "niandalie muhtasari wa ripoti ile", fafanua kwamba unataka ufupisho wa nusu ukurasa, si kumbukumbu za kikao.

Hatua ya 8: Barua pepe na WhatsApp (kipindi 1)

Kichwa cha barua pepe kiseme jambo na tarehe: "Orodha ya zamu za Septemba: naomba marekebisho kufikia 28 Agosti". Si "Habari" wala "Muhimu sana". Barua moja, jambo moja. Kiambatisho kiwe na jina linaloeleweka, na kitajwe ndani ya barua. Salamu ya mstari mmoja inatosha: "Habari za kazi, Bi. B."

Kwenye WhatsApp, mambo mawili. Agizo lililotolewa kwa ujumbe wa sauti lifuatiwe na maandishi yenye nani, nini, lini. Sauti haitafutiki wala haiingii jaladani. Na malipo, nidhamu na taarifa za mteja hazijadiliwi kwenye kundi. Watu wanaweza kuamkiana shikamoo huko wapendavyo, ila uamuzi urudi kwenye barua pepe au dokezo.

Hatua ya 9: Kuhariri (kipindi 1)

Sasa ndipo tahajia inapokuja, watu wakiwa tayari wana kitu cha kusema. Wafundishe kuhariri mara tatu, kila mara kwa jicho moja: kwanza nani-nini-lini, pili namba, tatu lugha. Anayetafuta vyote kwa pamoja haoni kimoja.

Makosa ya lugha yanayojirudia ofisini ni machache, na yanabandikika ukutani:

- L na R: mahali (pa kukutania) si mahari (ya harusi), kura si kula.
- H: ajali (ya gari) si hajali (mtu asiyejali).
- Kuunganisha yasiyoungana: kwa sababu, kwa hiyo, kwa kuwa yaandikwe mbalimbali.
- Kutenganisha yaliyoungana: ilikuwa, tutawasilisha, nimepokea ni neno moja moja.
- Masuala ni mambo. Maswali ni ya kuuliza. "Maswala" iache.
- Akina, si wakina.
- Upatanisho: vifaa vimefika, si vifaa zimefika, malipo yamefanyika, si malipo imefanyika.

Zimeni kisahihishaji cha kompyuta kama kimewekwa Kiingereza. Kinabadilisha maneno ya Kiswahili bila kuuliza, na mistari yake myekundu chini ya kila neno inamzoesha mtu kutoangalia.

Hatua ya 10: Pima tena (kipindi 1)

Mtihani wa ugumu uleule, waraka mwingine, hali nyingine, mgawanyo uleule wa alama. Lakini kipimo cha kweli kiko masjala. Kabla ya mafunzo, hesabu kwa mwezi mmoja ni nyaraka ngapi zilirudishwa zirekebishwe. Hesabu tena mwezi wa pili baada ya mafunzo. Namba hiyo ndiyo ya kumpelekea mkuu wa taasisi.

Mambo yakiharibika

*Watu wanapungua kuanzia wiki ya pili.* Angalia mambo mawili: je, wasimamizi wao wanawaita nje, na je, mifano yako inahusu kazi zao? Dereva hawezi kukaa kwa ajili ya barua za wahasibu. Mpe fomu ya ukaguzi wa gari na taarifa ya ajali.

*Anaandika vizuri darasani, ofisini anarudi kulekule.* Karibu kila mara bosi wake anaifuta barua mpya na kurudisha "mada tajwa hapo juu". Rudi Hatua ya 3, wakuu wapate vipindi vyao viwili.

*Alama za kuandika zimepanda, za kusoma zimebaki.* Ulifupisha Hatua ya 4. Ongeza vipindi viwili vya wawili wawili, kwa nyaraka mpya kila mara, maana waraka wakishauzoea wanajibu kwa kumbukumbu.

*Anachanganya Kiingereza na Kiswahili sentensi moja.* Usimkemee. Mwambie asome sentensi hiyo kwa yule atakayeipokea, mlinzi au mkulima mwanachama. Neno ambalo msomaji analijua libaki, hata kama lina asili ya Kiingereza. Ambalo halijui libadilishwe au lielezwe. Kifupisho chochote kiandikwe kirefu mara ya kwanza.

*Mmoja anaandikia wote.* Katika kila kikundi yupo mwenye mkono mzuri, na wenzake wanamsukumia. Wape hali tofauti kila mtu: yuleyule mteja aliyelalamika, lakini huyu anajibu kuhusu mzigo uliochelewa, yule kuhusu mzigo uliopungua.

*Barua inatoka na jina au tarehe ya mtu mwingine.* Mwandishi amefungua barua ya zamani, akabadilisha anachokikumbuka, akahifadhi. Tengenezeni kiolezo kitupu kwa kila aina ya barua, chenye mabano matupu kila sehemu ya kujazwa, kihifadhiwe mahali ambapo hakiwezi kuandikiwa juu. Kabla ya kuchapa, tafuteni alama ya mabano kwenye kompyuta. Ikionekana hata moja, barua bado haijaisha.